Kosaini Inayosafirisha Picha ya Nyanya

Pale Dumila, barabara ya Morogoro–Dodoma inapotoa tawi la Kilosa, mfanyabiashara humtumia mnunuzi wa Dar es Salaam picha ya matenga ya nyanya kwa simu. Picha ya vidoti milioni 12, isipobanwa, ingekula takriban megabaiti 36 za bando. Aliyeipunguza ni mhandisi wa umeme. Kijana akitaka kusomea kazi hiyo, wakubwa humvunja moyo kwa hoja zisizosimama.

“Mhandisi wa umeme ni wa nguzo na transfoma.” Nasir Ahmed, aliyezaliwa Bangalore mwaka 1940, alipata uzamivu wa uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha New Mexico mwaka 1966. Jina lake limebaki kwa sababu ya kushughulikia ishara, si nguzo.

“Wazo lenye maana hupata fedha.” Mwaka 1972, akiwa mwalimu Chuo Kikuu cha Kansas State, aliomba ruzuku ya serikali ya Marekani ili achunguze wazo lake la kubana data kwa mawimbi ya kosaini, akanyimwa; mhakiki mmoja aliliona wazo lenyewe rahisi mno. Hakuliacha. Januari 1974 yeye, T. Natarajan na K. R. Rao walilichapisha kwa kurasa nne tu. Mwaka 1992 likawa kiini cha kiwango cha picha cha JPEG.

“Kubana ni kuharibu.” Hapa nabisha kwa nguvu zaidi. Picha hukatwa vipande vya vidoti 64, na kila kipande huandikwa upya kama jumla ya mawimbi ya kosaini, mapana na membamba. Mpaka hapo hakijapotea kitu: namba 64 zimekuwa namba nyingine 64, na zinarudishika. Hasara huja baadaye, mawimbi membamba ambayo jicho huyaona kwa shida yanapokadiriwa au kufutwa, na kiasi cha kufuta huchaguliwa. Nyanya hubaki nyekundu, na mnunuzi anaona kama zimeiva. Kosaini hiyo ni ileile ya sekondari ambayo wanafunzi wetu huambiwa waikariri kwa ajili ya mtihani tu.

“Wazungu wameshamaliza.” Ahmed ni mzaliwa wa India, na hakuna aliyemaliza: viwango vikubwa vya kubana video vilitoka 2003, 2013 na 2020, kila kipya kikilenga kupunguza data kwa karibu nusu. Kijana wa Dumila hahitaji kuvuka bahari ili aanze. Uhandisi unafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1973.