Mzinga Wetu na Hema la Jirani



Mzinga unapolia upande wa jeshi la taifa, wengi wetu hufurahi. Tunasema: leo adui amepata jibu. Furaha hiyo tunaielewa, kwani nchi iliyoshambuliwa ina haki ya kujilinda, na askari anayesimama mbele ya risasi kwa ajili yetu anastahili heshima na sala zetu. Hata hivyo tunawaalika tutafakari pamoja swali ambalo mara nyingi huogopwa: mzinga huo umewekwa wapi?

Tuanze na kazi ya silaha yenyewe. Mwenye bunduki humwona anayemlenga; mwenye mota kwa kawaida hamwoni. Bomu hudondoshwa ndani ya bomba, hupaa juu sana, kisha huanguka nyuma ya kilima au ya nyumba. Mota ya milimita 120 hulifikisha karibu kilomita 7. Anayelirusha hutegemea hesabu na macho ya mwenzake aliye mbele, na mara nyingi bomu la kwanza hukosa shabaha. Likipasuka, vipande vyake vya chuma havichagui kati ya askari na mama anayeteka maji. Tena mlio wa mzinga humwonyesha adui mahali ulipo, naye hujibu kwa kupiga pale pale. Basi anayeweka mzinga kando ya mahema ya watu huwaachia watu hao jibu la adui.

Jambo hili tumeliona kwetu. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za waliokimbia vita huko Mugunga na Lac Vert, magharibi ya Goma, yakaua watu zaidi ya 10, wengi wao wanawake na watoto. Serikali yetu na ile ya Marekani zilisema yalitoka upande wa M23 na jeshi la Rwanda, Rwanda ilikana. Aliyerusha mabomu juu ya mahema hana udhuru, wala hatutaki kumpunguzia hatia. Lakini watetezi wa haki za binadamu walieleza pia kwamba mizinga ya jeshi letu ilikuwa imewekwa karibu na kambi. Kosa la adui halifuti wajibu wetu.

Wajibu huo umeandikwa. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, nayo nchi yetu imeikubali, inazitaka pande za vita ziepuke, kadiri iwezekanavyo, kuweka silaha ndani au karibu ya mahali penye watu wengi. Kanisa nalo, katika Gaudium et Spes ya mwaka 1965, lililaani vita vinavyoteketeza miji pamoja na wakaaji wake bila kubagua.

Wengine watatuambia: Goma imebanwa kati ya ziwa na volkano, watu wamejaa kila mahali, jeshi lingepigania wapi? Ugumu huo ni wa kweli, na hatuuchezei. Lakini kadiri nafasi inavyokuwa finyu, ndivyo kiongozi anavyopaswa kufikiri zaidi kabla ya kuamuru: awahamishe watu kwanza, ausogeze mzinga, au auache ukae kimya siku hiyo. Wengine watasema kuuliza hivyo ni kumsaidia adui. Sisi tunaona kinyume chake. Jeshi linalowalinda raia hata wakati wa kupiga hupata imani yao, na bila imani hiyo hakuna jeshi la taifa.

Kambi za Goma zilivunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya M23 kuuteka mji, lakini vita havijaisha. Mahali palipopiganwa huweza kubaki mabomu ambayo hayakupasuka: tusiyaguse, tuwakataze wadogo zetu, tuwajulishe wakubwa. Tena tusisambaze kwa kicheko picha za mabomu yanayoanguka, hata yakiwa yetu.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Je, tungeupigia makofi mzinga huo kama ungewekwa nyuma ya nyumba ya mama yetu? Na kijana wa parokia yetu anayejiunga na jeshi, tumemwandaa kwa dhamiri gani?