Sifa ya Chombo ni Kurudi na Watu Wake

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Usemi huu huthibitika jioni katika mwalo wa Rumonge, pale wenye vyombo wanapokutana mchangani kabla ya giza kuingia, na kila mmoja kuanza kukisifu chake. Huyu husema chake ni mshale. Yule husema chake hakijui kuyumba. Wa tatu huwacheka wote wawili na kuhesabu masanduku ya ndagala aliyoyapata usiku uliopita. Ubishi huo hatuulaumu, kwani ni kwa kulinganisha vyombo ndipo mafundi hujifunza kuunda vilivyo bora. Lakini twaona ni wajibu wetu kuuliza: vinalinganishwa kwa kipimo gani?

Tuanze na mtumbwi wa gogo, ambao ndio mkongwe wa vyombo hivi. Mwaka 1871 Stanley na Livingstone walitoka Ujiji katika mtumbwi wa gogo la mvule, wakaambaa pwani hii hadi Rusizi, wakathibitisha kwamba mto huo unaingia ziwani wala hautoki. Mtumbwi wa namna hiyo hauna maungio ya kuvuja. Ni mwembamba, na hukata maji upesi kwa makafi machache. Ila wembamba huo huo ndio udhaifu wake: wimbi likiupiga ubavuni, ni mwepesi wa kupinduka.

Mashua ya mbao ni pana zaidi. Hubeba nyavu, watu na mashine, na upana wake huipa utulivu. Lakini hudai kutiwa kalafati mara kwa mara, na kuta zake zilizoinuka hushikwa na upepo. Kisha kuna vyombo viwili vilivyofungwa pamoja kwa miti, wavu ukishushwa kati yao chini ya mwanga wa taa. Uvuvi huo uliingia katika pwani yetu miaka ya 1950, na baadaye vikaja vikubwa zaidi vilivyoitwa Apollo. Maji yakitulia, utulivu wake hauna mshindani. Mawimbi yakija mshazari, kila kimoja huinuka kwa wakati wake, na miti iliyoviunga ndiyo inayoteswa. Tena ni vizito kugeuka.

Ni dhahiri basi kwamba hakuna chombo kilicho bora kwa kila jambo. Anayetaka kujua ukweli na avipime siku moja, njia moja, kwa shehena sawa na idadi sawa ya wapiga makafi: kwenda na upepo, kurudi dhidi yake, na kugeuka. Saa moja ya jaribio kama hilo hushinda mwezi mzima wa majigambo.

Hata hivyo, kipo kipimo kingine ambacho ni nadra kutajwa mchangani. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na Rumonge ipo upande wake wa kaskazini. Kwa hiyo upepo wa kusi, uvumao kati ya Mei na Septemba, huwa umekwisha kukimbia masafa marefu juu ya maji kabla ya kutufikia, ukiyakuza mawimbi njiani. Usiku wa namna hiyo mwenye chombo mara nyingi amelala nyumbani kwake. Walio majini ni vijana wake wa kazi, ambao ujira wao ni fungu la mapato. Hao ndio wanaojua kama mbao zimelegea, kama miti ya kuungia imeoza, kama kopo la kufua maji lipo. Lakini katika ubishi wa jioni sauti zao hazisikiki.

Twawaomba wenye vyombo mambo matatu. Kwanza, kabla ya kukisifu chombo, wamwulize aliyekishika usukani jana. Pili, shehena ikadiriwe kwa hali ya ziwa, isikadiriwe kwa tamaa ya soko. Tatu, yeyote asiingie chomboni bila jaketi la kujiokolea, kwa maana wavu ukipotea hununuliwa mwingine, bali mtoto wa mtu hanunuliki.

Na yule anayeapa kwamba chombo chake hakiyumbi, na akeshe ndani yake usiku mmoja wa kusi. Akirudi asubuhi na maneno yale yale, tutamsadiki.