Usawa wa Elimu ya Juu Uanzie Nduguti

Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU iliamua mjini Musoma kwamba kijana amalizaye kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja, bali kwanza afanye kazi na kupata sifa njema mbele ya wenzake. Shabaha ilikuwa njema: mkulima na mfanyakazi nao wafunguliwe mlango uliokuwa wa wachache. Hata hivyo, kanuni moja haikuzaa matunda sawa. Kwa wasichana wengi, miaka ya kungoja iligeuka kuwa miaka ya ndoa na malezi, na idadi yao chuoni ikapungua. Haukupita muda mrefu, wasichana wakaruhusiwa tena kuingia moja kwa moja.

Funzo hilo lingali hai. Kuwapa sharti moja watu wasioanzia mahali pamoja si usawa. Ndiyo maana Katiba yetu, katika ibara ya 13, inakataza ubaguzi lakini haiizuii Serikali kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Ndiyo maana pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha masomo ya matayarisho kwa wasichana wa sayansi, na Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, ikapewa jukumu la kuwatazama wahitaji.

Wapo wanaodai kwamba hatua hizo hushusha kiwango cha elimu. Dai hilo halina msingi. Masomo ya matayarisho hayamgawii mtu shahada. Humpa nafasi ya kujifunza alichokikosa, kisha hufanya mtihani uleule wa wenzake. Kinachoshusha kiwango ni taifa kuacha vipaji vyake vipotee vijijini.

Wilaya ya Mkalama, yenye makao yake makuu Nduguti, ilianzishwa mwaka 2012. Humo wamo Wanyiramba, Wanyisanzu, Wadatoga, na Wahadzabe wa Munguli. Mtoto wa Munguli hawezi kufika chuo kikuu iwapo darasa la sekondari limemshinda kulifikia. Wala fomu ya mkopo haijazi mwenyewe: inadai saini ya kiongozi wa kijiji na cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa. Karatasi ikilala mezani mwa mtumishi mmoja hadi siku ya mwisho ipite, mwaka mzima wa kijana umepotea.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu walimu wamfuate kila msichana aliyeacha shule, kwani tangu Novemba 2021 hata aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Watumishi nao wawasaidie wazazi kupata vyeti mapema, pasipo njoo kesho. Sera njema imekwisha kuandikwa. Kinachosubiriwa ni mkono wa mtumishi wa Nduguti kuitekeleza.