Simba Akicheza na Mgeni

Swali lenyewe ni jepesi kuuliza: timu ya kwenu ambayo si timu yako ikicheza na wageni, unashangilia nani? Baada ya kipindi cha wiki iliyopita mmenitumia ujumbe mwingi kuliko hata tulipozungumzia mahari, na wengine mmeshanihukumu kabla sijafungua mdomo. Mimi ni Yanga. Simba wakiingia fainali ya Afrika, eti niweke utani pembeni, nivae nyekundu, nishangilie "kama Mtanzania". Nimefikiri, na leo naandika, maana kwenye maandishi mwenzangu hawezi kunikatisha.

Kwa wadogo zangu mliozaliwa hapa na mnaosikia tu wazazi wakipigiana kelele kwenye simu: Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, zote Kariakoo, Dar es Salaam. Yanga wako Jangwani, Simba wako Mtaa wa Msimbazi, mwendo wa miguu tu. Hadi 1971 Simba waliitwa Sunderland, naam, kama ile ya Uingereza. Jangwani mvua ikinyesha hujaa maji, ndiyo maana Simba wanatuita vyura. Sisi tunawaita mikia, siku hizi makolo. Ukimsikia mjomba wako akimwita mtu mzima mwenye digrii mbili "chura wewe", usishtuke. Hao ni watani wa jadi, na utani una kanuni zake: unaruhusiwa kumwambia mtani wako lolote, hata msibani, naye haruhusiwi kukasirika.

Kwetu mpaka umepita katikati ya ukoo. Baba ni Yanga, yuko hapa Houston. Baba mdogo ni Simba, yuko Irving, upande wa Dallas. Kati yao kuna I-45, saa nne za kuendesha, na Buc-ee's ya Madisonville ambako kila safari tunasimama na kununua vitu ambavyo hatuvihitaji.

Sasa turudi kwa wanaosema uzalendo kwanza. Machi 2024 timu zote mbili zilikuwa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa pamoja, Simba na Al Ahly ya Misri, Yanga na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Waziri wa michezo wa wakati huo, Damas Ndumbaro, akaonya kwamba shabiki atakayekwenda Uwanja wa Mkapa na jezi ya wageni ataulizwa pasipoti. Nyumbani tulicheka sana, hasa kwa kuwa jina la utani la Yanga ni Wananchi. Mwananchi anaulizwa pasipoti! Kisha mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye ana miaka kumi na tisa na amezaliwa Irving, akauliza kwa Kiingereza chake: na sisi je?

Swali la maana kabisa. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mimi pasipoti yangu ni ya bluu, ina tai. Nikienda kumzika bibi nalipa dola 100 za viza kama mtalii anayekwenda Serengeti. Kwa kipimo hicho mimi nikikaa pale Mkapa na jezi ya njano, ya Yanga halisi, ndiye mgeni. Yule jamaa wa Kariakoo aliyevaa ya Mamelodi ili kumuudhi jirani yake ndiye mwenye nchi. Uzalendo wa kuonyesha karatasi wengi wetu tunaosoma hapa tutafeli mlangoni.

Na tuangalie tunakoishi. Oktoba 2023 Texas Rangers waliwatoa Houston Astros kwenye besiboli, mechi saba, na nne zote walizoshinda walizishindia hapa hapa Houston. Wakaenda kuchukua World Series, ya kwanza katika historia yao. Ofisini kwetu sikuona kofia hata moja ya Rangers. Hakuna aliyesema kwamba watu wa Houston si watu wa Texas.

Kazini pia nina mwenzangu aliyezaliwa Calgary, mmoja wa wale Wakanada wa mafuta. Kombe la Stanley la hoki ya barafu halijarudi Kanada tangu Montreal walipolichukua 1993. Edmonton Oilers walifika fainali 2024 na tena 2025, na miaka yote miwili walipita kwa kuwatoa Dallas Stars, kisha wakafungwa na Florida Panthers. Ungedhani mtu wa Calgary, saa tatu tu kwa gari kutoka Edmonton, angehuzunika. Alileta donati ofisini. Nikamuuliza, na Kanada je? Akasema Kanada itachezea Olimpiki.

Huo mwaka 1993 una mkosi wake. Ndio mwaka Simba walifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella Abidjan ya Ivory Coast. Sare 0-0 ugenini, yaani kazi nusu imeshafanyika, kisha wakafungwa 2-0 Dar es Salaam. Baba mdogo alikuwa uwanjani. Miaka michache baadaye akaja Marekani, na ile mechi akaja nayo. Hata leo ukimuudhi vya kutosha atakueleza alikuwa amekaa wapi, jua lilikuwa upande gani, na nani alikuwa mbele yake na redio.

Basi ikaja zamu yetu. Mei 28, 2023, Yanga na USM Alger, fainali ya Kombe la Shirikisho, mechi ya kwanza Dar es Salaam. Kwa saa za Texas ilikuwa saa mbili asubuhi, Jumapili ya wikendi ya Memorial Day. Tulijazana kwa baba. Baba mdogo aliendesha kutoka Irving usiku kuja kututazama tukiteseka, na hakuhitaji hata kununua jezi ya wageni: USM Alger wanavaa nyekundu na nyeusi, yeye akavaa tu ya Simba. Mayele akafunga, lakini tukalala 2-1. Juni 3 tukaenda Algiers tukashinda 1-0, kombe likapotea kwa magoli ya ugenini. Baba mdogo alimpigia baba simu akacheka dakika nzima bila kusema neno. Dakika nzima, nilihesabu.

Kwa hiyo Mei 25, 2025 mnaweza kukisia. Tena Jumapili ya Memorial Day, tena saa mbili asubuhi, Simba na RS Berkane ya Morocco, marudiano pale Amaan, Zanzibar. Mechi ya kwanza Simba walikuwa wamefungwa 2-0. Berkane wanavaa rangi ya chungwa. Na nani mwingine anavaa rangi ya chungwa? Houston Dynamo. Wapwa zangu watatu wakapanda I-45 na jezi za Dynamo, wakaingia nyumbani kwa mtu ambaye ni Simba na shabiki wa FC Dallas pia. Matusi mawili kwa jezi moja.

Mutale akafunga mapema, 1-0, na nyumba ikapasuka. Nitawaambia kitu: kwa dakika kama thelathini sikujua ninataka nini. Nilikuwa namtazama baba mdogo kuliko televisheni. Mzee wa miaka sitini na kitu amekaa ukingoni mwa kochi kama mtoto, ameshika chai iliyopoa, anahitaji goli moja tu kusawazisha hesabu ya miaka thelathini na miwili. Mwanzoni mwa kipindi cha pili Kagoma akapata kadi nyekundu. Simba wakapambana wakiwa kumi. Dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha, 1-1, basi, kwisha. Wapwa wakapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka.

Palikuwa na mgeni pale, rafiki wa mdogo wangu, mtu mwema tu, hana timu. Akasema kwa upole, "Lakini si wote ni Watanzania? Mngewaunga mkono leo tu." Baba mdogo, ambaye alikuwa ameshasimama kwenda nje kugeuza nyama, akageuka. Akasema: "Hawa wangenishangilia, ningejua wananionea huruma. Waache wacheke. Zamu yao nitacheka mimi."

Sasa msinielewe vibaya, si kila kitu ni utani. Mchezaji akiumia hushangilii. Taifa Stars wakicheza, wote ni bendera moja na hapo hakuna mjadala kwetu. Na yale ya kumtukana mchezaji mweusi kwa lugha ya mashabiki wa huko anakokwenda kucheza, mtu wetu akiyarudia mtandaoni ili kumkomoa mtani, huyo hana utani, ana ugonjwa.

Halafu kuna hesabu, na hapa ndipo wenzangu wa Yanga mtanichukia. CAF hujumlisha pointi za kila nchi kwa miaka mitano, na nchi kumi na mbili za juu hupewa nafasi nne badala ya mbili. Simba walipofika robo fainali 2019, msimu uliofuata Tanzania ikapeleka timu nne, na Yanga tukaingia Ligi ya Mabingwa kama washindi wa pili. Washindi wa pili nyuma ya nani? Simba. Mwaka uliofuata nafasi zikapungua, tukakaa nyumbani. Ziliporudi 2021 tukaingia tena, tena tukiwa nyuma ya Simba. Na wao pia wasijidai: msimu wa 2023/24 walimaliza wa tatu. Bila nafasi nne, ambazo pointi za fainali yetu ya 2023 zilisaidia kuzilinda, hawachezi Afrika kabisa, na ile Jumapili ya Irving haipo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Hatua ya makundi nawatakia Simba mema. Robo fainali nawaombea. Nusu fainali nawaombea kwa sauti ndogo, mlango ukiwa umefungwa. Fainali wataniwia radhi.

Hata wao hufanya hivyo hivyo. Aprili 5, 2024, mchana, nikiwa kazini, Yanga walitolewa Pretoria kwa penalti baada ya shuti la Aziz Ki kugonga mwamba, likadunda pale mstarini, na mwamuzi akakataa. Usiku uleule wa Afrika Simba walikuwa wakitolewa Cairo. Baba mdogo hakusema chochote kuhusu Cairo. Alimpigia baba, akasema, "Lile lilikuwa goli." Baba akanyamaza. Kisha baba mdogo akaongeza, "Lakini penalti nyie hamjui kupiga."

Mdogo wangu wa Irving, yule wa swali la pasipoti, Kiswahili anakielewa chote ila kukisema huwa anaona haya. Ukimsalimia anakujibu kwa Kiingereza. Siku moja alinitafuta faragha, akaomba nimfundishe maneno ya kutukana Yanga, kwa kuwa kina wapwa wanamshambulia na yeye hana cha kurudisha. Mimi, Yanga, nikamfundisha. Sasa kila tukitoka sare, hata na timu ya mkiani, ujumbe wa kwanza kwenye grupu la ukoo ni wake, na herufi zimekosewa: "Vyula mmerara?"