Arubaini si kulala

Binti yangu amejifungua hapa Sydney, nami nimetoka Muscat kuja kumtunza. Siku ya tatu namwona anatembea ukumbini. Nikapiga kelele, "Mwanangu, rudi kitandani!" Akanijibu, "Mama, mkunga ndiye aliyeniambia."

Nilinuna, lakini mkunga ana haki. Mzazi akilala tu, damu huweza kumganda miguuni. Na mja mzito asiyekatazwa na daktari, Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilimshauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Mkaja na kukandwa tusiviache. Lakini bibi zetu wa Pemba walitwanga na kuchota maji mpaka mimba ikikaribia. Ni sisi wa Ghuba, wenye dereva na mtumishi, tuliozidisha kitanda. Siku hizi jioni mtoto nambeba mimi, mamake anakwenda mpaka kona na kurudi.