Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Uraibu hauna dawa moja

Mheshimiwa Waziri,

Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa methadoni waraibu wa heroini. Baadaye huduma hiyo ikafika Mwananyamala, Temeke na kisha mikoani. Uamuzi ule ulihitaji ujasiri, kwani wengi walimhesabu teja kuwa mhalifu, si mgonjwa. Nakuandikia kuomba ujasiri huo uwafikie pia waraibu wa pombe na wa kamari. Methadoni haiwasaidii, na tiba inayowafaa haijapewa uzito kama huo.

Kila uraibu una wakati wake wa hatari. Arosto ya heroini humtesa mtu kwa maumivu, kuhara na kukosa usingizi, lakini ni nadra kumuua mwenye afya. Kifo humvizia baadaye: mwili ukishapoteza uzoefu wa heroini, kipimo kile cha zamani kinaweza kumkata pumzi. Ndiyo maana methadoni kwa kawaida hutolewa kila siku, kwa muda mrefu, mbele ya mhudumu. Pombe ni kinyume chake. Aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kupata degedege, kuweweseka na kufa ndani ya siku chache. Ndugu wanaomfungia chumbani ili aache wanamhatarisha bila kujua. Anahitaji daktari, diazepamu na vitamini B1. Mraibu wa kubeti, kwa upande wake, hanuki pombe wala hana alama za sindano. Ugonjwa wake huonekana kwenye madeni, ndoa zilizovunjika, na wakati mwingine kujiua. Shirika la Afya Duniani linautambua katika mwongozo wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022. Anayeugua ugonjwa huo husaidiwa na ushauri wa kisaikolojia unaomfundisha kukitambua kishawishi mapema, huku fedha zake zikisimamiwa na mtu anayemwamini.

Wapo watakaosema watu hawa walijitakia. Ni kweli, glasi ya kwanza mtu huichagua. Lakini uraibu ukishakomaa, ubongo wenyewe umebadilika, na nia peke yake mara nyingi haitoshi. Wengine watasema tiba ni kupoteza fedha kwa sababu wengi hurudia. Mgonjwa wa presha akipandwa tena, daktari hurekebisha matibabu, hamfukuzi. Uraibu nao ni ugonjwa sugu na unastahili subira hiyo. Na kuhusu fedha, Serikali hukusanya kodi kutoka kwenye pombe na michezo ya kubahatisha. Ni haki sehemu ya kodi hiyo iwatibu walioumizwa na biashara hizo.

Naomba mambo matatu, Mheshimiwa. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa itenge vitanda vya kuwaachisha watu pombe kwa usalama. Wahudumu wa zahanati na vituo vya afya wafundishwe kuwauliza wagonjwa kuhusu pombe na kubeti bila kuwaaibisha. Nyumba za upataji nafuu zisimpokee mlevi katika siku zake za kwanza za kuacha kabla hajaonwa na daktari.

Mraibu wa heroini amepata mlango wa kubisha. Mlevi na mcheza kamari nao wafunguliwe wao.

Wako katika ujenzi wa taifa.