Altezza ya kaka wa Mwanga, hela ya shemeji na koilova za mtumba: nani mwenye kosa?

Kigoma mjini kuna Altezza moja nyeupe ambayo haihitaji utambulisho. Ikishuka mteremko wa kwenda stesheni, watu wanatoa simu. Mwenye gari naye ni staa wa mtandaoni kwa kiwango chake. Jina linabaki kapuni, ila watu wa Mwanga, Gungu na Katubuka wanamjua vizuri. Wiki hii nzima jamaa yuko midomoni mwa watu, na safari hii si kwa sababu ya picha kali.

Stori iko hivi. Shokapu za mbele zilikuwa zinavuja mafuta, na boljointi ya chini ilikuwa inagonga kila tuta. Mchumba wake, dada anayeuza dagaa pale Kibirizi, akakopa kwenye kikoba chake akampa hela mkononi: nunua shokapu mpya na boljointi, maana mdogo wako anaolewa na hiyo gari ndiyo itambeba. Kaka akachukua hela, akarudi na seti ya koilova za mtumba. Gari ikalala chini, posti ikapanda, laiki zikamiminika. Boljointi ikabaki ile ile.

Siku ya harusi, msafara ukielekea Ujiji, kwenye kona moja ikasikika "ko!" Boljointi imechomoka, tairi la mbele limelala ubavu, gari imekaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Bahati nzuri mwendo ulikuwa wa msafara, hakuna aliyeumia. Bibi harusi akamalizia safari na bajaji, shera limekunjwa mapajani, simu zote juu.

Kesho yake shemeji akadai hela yake. Hapo mtandao ukamgeukia yeye. "Mwanamke wa kuhesabu hela huyo." "Angempenda kweli asingemdai." "Gari ya mwanaume usiingilie."

Wadau, hapana. Hapa watu wamekosea.

Kwanza, kaka atendewe haki. Kuitunza Altezza Kigoma si mchezo. Toyota ilizitengeneza kuanzia 1998 mpaka 2005, kwa hiyo hata zile za mwisho zimeshakula miaka takriban 20. Na Kigoma ni mwisho wa reli ya kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar. Maduka ya spea ya mjini yanaweka vitu vya gari za kazi: Noah, Hiace, Probox, Land Cruiser. Ukitaka kitu cha Altezza mara nyingi unapiga simu Kariakoo, unatuma hela, unasubiri basi, unaomba Mungu kilichokuja kiwe ndicho. Halafu anatokea mtu na koilova hizi hapa, unaziona kwa macho, bei inaeleweka. Kishawishi hicho wengi kingewaangusha.

Lakini kishawishi hakibadilishi kazi ya kila kifaa. Fundi mmoja mtu mzima wa Ujiji, aliyeitwa kuivuta gari pale konani, alimwambia kaka mbele za watu: "Mwanangu, springi inabeba, shokapu inatuliza, boljointi inashika tairi. Wewe umenunua cha kubeba na cha kutuliza, cha kushika umekiacha." Hakuna aliyecheka.

Koilova si haramu. Ni springi na shokapu kwenye kifurushi kimoja unachoweza kupandisha na kushusha. Mpya, za gari husika, zikafungwa na anayejua, ni kitu kizuri. Shida ni za mtumba. Hujui zimetembea wapi, hujui sili za ndani zina hali gani, na nyingi ni ngumu kwa sababu zilitengenezwa kwa barabara laini. Ukiishusha gari, nafasi ya tairi kupanda na kushuka inapungua. Shimo ambalo springi ingelimeza sasa linapigwa na bodi, bushi na boljointi. Yaani kaka aliiacha boljointi mbovu, halafu akaiongezea mzigo.

Na ule utetezi kwamba Altezza isiyoshushwa haina tofauti na Carina? Altezza ilibeba tuzo ya Gari la Mwaka ya Japani ya 1998–1999 ikiwa na kimo chake cha kiwandani. Sifa yake ilikuwa kukata kona. Altezza inayoogopa kila tuta la barabara ya Ujiji haiwezi kukata kona yoyote.

Kwa mwenye gari ya aina hii, mpangilio wa hela uko wazi. Vinavyoshika tairi vinakuja kwanza: boljointi, bushi, tairodi. Hivyo nunua vipya, kwa sababu raba inakufa kwa umri hata kama gari ilikuwa imeegeshwa. Kisha shokapu, na zinabadilishwa mbili mbili, usifunge mpya kulia na kuukuu kushoto. Agiza kwa namba ya chesisi. Usimwambie muuzaji "ya Altezza" tu, maana kuna SXE10 na GXE10. Boksi lenye jina kubwa lisikutishe, feki nayo ina boksi zuri. Weka kipya na cha zamani pamoja, linganisha kabla hujalipa. Ukimaliza, pima alaimenti, la sivyo tairi zitaliwa upande wa ndani. Mtumba uende kwenye bampa, taa na viti. Urembo unakuja mwisho, hela ikibaki.

Turudi kwa shemeji. Hakudai kwa sababu mapenzi yameisha. Alitoa hela kwa kazi moja, ikaenda kwenye kazi nyingine bila yeye kuambiwa. Simu moja tu ingetosha: "Mpenzi, mpya hazipo mjini, nifanyeje?" Huenda angejibu subiri, tukodi Noah ya harusi. Kikoba hakijui habari za laiki. Jumamosi kina mama wanakaa, daftari linafunguliwa, na jina linalosomwa si la kaka.

Mpaka sasa gari iko Ujiji kwa fundi, imewekwa juu ya matofali chini ya mwembe, ikisubiri boljointi inayokuja na basi. Safari hii kaka ametoa hela yake mwenyewe. Koilova anaziuza, mteja hajapatikana. Rejesho la kikoba bado.

Nani alipe? Komenti ziko wazi, ila kabla ya kumtukana shemeji, kumbuka nani alikuwa amekaa siti ya nyuma siku ile.